Modeli ya hitilafu inakwama, iko kimya, au inasifia mno: dalili, sababu na marekebisho

Karibu kila modeli ya hitilafu ninayoletewa kukagua huja na lalamiko moja kati ya matatu: imekwama, haioneshi chochote, au inaonesha mambo mazuri kupita kiasi. La kwanza linaudhi lakini halina madhara, maana hakuna anayeweza kusaini hesabu ambayo kompyuta imekataa kuifanya. La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Linapendeza, mikutano inaisha mapema, na hakuna anayelilalamikia hadi siku ya benchi, kifaa halisi kinapojaribiwa mezani.

Ninazungumzia mifumo ambayo ikikosea, mtu anaumia: breki za kielektroniki, usukani wa umeme, pampu ya dawa, kidhibiti cha boila, ndege. Modeli inajibu swali moja. Kijenzi hiki kikiharibika namna hii, mfumo utafanya nini, na je, utajua kwamba umeharibika? Unaweza kulijibu kwa jedwali la FMEA (orodha ya kila kijenzi, namna kinavyoweza kuharibika na athari yake), kwa mti wa hitilafu (mchoro unaoshuka kutoka tukio baya juu hadi visababishi vyake chini), kwa uigaji wa sakiti au kwa kuingiza hitilafu kwenye programu. Makosa yanayojirudia ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili, na ndani ya kila dalili sababu iliyozoeleka zaidi inatangulia.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha mambo matatu. Orodha ya vijenzi iliyo ndani ya modeli iwe ya toleo lilelile la ubao unaotengenezwa. Viwango vyote vya kuharibika viwe kwenye kipimo kimoja; FIT 1 ni uharibifu mmoja katika saa bilioni moja, yaani 10⁻⁹ kwa saa. Na pawe na sentensi moja iliyoandikwa inayosema hali salama ya mfumo ni ipi. Utashangaa ni mara ngapi "modeli mbovu" hupona kwa hili la tatu peke yake: watu wawili walikuwa wanapigia hesabu hali salama mbili tofauti.

Dalili ya 1: Uigaji unakwama mara tu unapoingiza hitilafu

Mara nyingi umekitoa kijenzi kwenye sakiti ili kuonesha kwamba kimekatika, na nodi (kiungo cha waya) iliyokuwa upande wake wa pili sasa inaelea, haina njia ya kwenda ardhi. Usikitoe. Weka mahali pake rezista kubwa, kati ya MΩ 100 na GΩ 1. Shoti nayo usiiwekee sifuri. Weka kati ya mΩ 10 na Ω 1 kulingana na kijenzi. Shoti halisi ina ukinzani wake.

Kama bado imekwama, tazama chanzo cha umeme. Betri ya volti 12 isiyo na ukinzani wa ndani, ikipigwa shoti ya mΩ 10, inatoa ampea 1,200. Hesabu haijakosea, ni wewe uliyeiagiza. Ongeza ukinzani wa betri, wa waya na wa kiunganishi, na fyuzi ambayo kweli inakatika. Baada ya hapo tazama kasi ya badiliko. Hitilafu inayotokea ndani ya muda sifuri huifanya programu ya uigaji ihangaike, basi ipe mikrosekunde 1 hadi 10 kupanda kutoka hali nzima hadi hali mbovu.

Sababu ya mwisho, na ya nadra, ni modeli ya chipu uliyoipakua kwa mtengenezaji. Modeli hizo huandikwa kwa ajili ya chipu iliyo ndani ya mipaka yake. Ukiipa volti hasi kwenye mguu wa kuingilia, nyingi hazina diodi za ulinzi zilizomo kwenye chipu yenyewe.

*Acha hapa:* ukijikuta unalegeza usahihi wa hesabu ili tu uigaji ufike mwisho, simama. Jibu litakalotoka halitofautiani na la kubahatisha. Kama hitilafu inaipeleka chipu nje ya mipaka ya karatasi yake ya data, muulize mtengenezaji au ipime kwenye benchi.

Dalili ya 2: Unaingiza hitilafu, na hakuna kinachobadilika

Anza na hili ambalo kila mtu hulicheka, kisha analikuta kwake: umeigandisha ishara kwenye thamani iliyokuwa nayo tayari. Ishara ya "breki imekanyagwa" iko sifuri, umeigandisha kwenye sifuri, gari linaendelea na safari. Bila shaka. Hitilafu ya kuganda haina maana hadi mfumo utake kutoka hapo ilipoganda. Kila hitilafu inahitaji mwendo: mtu anakanyaga, anaachia, anakata kona, mota inaanza na mzigo. Kampeni ya hitilafu 2,000 zilizoingizwa kwenye mfumo uliotulia inazidiwa faida na hitilafu 40 zilizoingizwa katikati ya harakati.

Pili, umeingiza mahali pasipofaa. Kwenye programu, ukibadilisha kigezo ambacho mzunguko unaofuata unakiandika upya kila milisekunde 10, hitilafu yako imeishi milisekunde 10. Ukibadilisha baada ya ukaguzi wa thamani, umeruka kile ulichotaka kukijaribu. Chukua karatasi, chora safari ya ishara kutoka kwenye kihisi hadi kwenye mota, weka alama mahali pa kuingizia na mahali pa kila ukaguzi. Dakika kumi zinatosha.

Tatu, kichujio kimeimeza. Hapo tenganisha mambo mawili. Kama kichujio kinaimeza hitilafu kila mara, kwa muda wowote na ukubwa wowote unaowezekana, hilo ni jibu halali: liandike na sababu yake. Kama kinaimeza kwa sababu ulichagua mdundo mfupi mno, rudia kwa midundo mirefu zaidi na kwa inayojirudia.

Ya nne haizungumzwi sana: hukupima pato sahihi. Mfumo ulibadilika, lakini wewe ulikuwa unatazama taa ya onyo badala ya mkondo wa mota.

Dalili ya 3: Kila mstari wa jedwali unaishia "mfumo unazima salama"

Nitakaa hapa muda mrefu zaidi, maana hapa ndipo modeli nyingi hufia.

Sababu kubwa ni mazoea ya kuandika kijenzi kana kwamba kina hali mbili, kizima au kimekufa. Kihisi kilichokufa ni rahisi. Volti inashuka hadi sifuri, programu inaona, mfumo unazima, mstari unaofuata. Ila vijenzi havifi hivyo sikuzote. Kapasita ya seramiki hupata ufa ubao unapokunjwa wakati wa kufungwa skrubu, na ufa huo mara nyingi huleta shoti nusu, ya makumi ya ohmu, inayobadilika na joto. Kapasita ya elektroliti hukauka polepole, ukinzani wake wa ndani ukapanda, na usambazaji wa umeme ukaanza kutetemeka. Rezista ya filamu hukatika au hupotoka. Transista ya MOSFET hupenda kufa ikiwa imefunga, yaani shoti, mota ikabaki imewashwa. Relei huungana midomo: umeiambia iachie, koili imeachia, midomo imelehemiana. Optokapla huchoka taa yake ya ndani, na kwa miaka kadhaa hufanya kazi asubuhi yenye baridi, jua likipanda inagoma. Kiunganishi hulegea na kurudi.

Ukipitia jedwali lako ukakuta safu ya "aina ya uharibifu" ina "imekatika" na "shoti" tu, ongeza angalau nne: kupotoka juu, kupotoka chini, kuganda kwenye thamani ya katikati, na kukatika-na-kurudi. Kisha uulize kila mstari: ukaguzi upi hasa utaiona hii?

Mfano wa karibu. Kanyagio cha mafuta cha gari kina vihisi viwili kwa makusudi. Cha kwanza kinatoa volti maradufu ya cha pili, na programu hulinganisha: cha kwanza lazima kiwe mara mbili ya cha pili. Dereva amekanyaga asilimia 40, kihisi cha kwanza kinatoa V 2.0, cha pili V 1.0. Kata waya wa mmoja, ulinganisho unaona. Piga shoti mmoja, unaona. Jedwali linapendeza.

Sasa tazama regyuleta ya volti 5 inayovilisha vyote viwili, na iharibike kwa kupotoka juu, kutoka V 5.0 hadi V 5.8. Kihisi cha kwanza kinapanda hadi V 2.32, cha pili hadi V 1.16. Bado ni mara mbili kamili. Ikiwa maikrokontrola inapima kwa rejea yake yenyewe, isiyotoka kwenye regyuleta hiyo, inasoma kwamba dereva ameongeza mafuta kwa asilimia 16 ya alichokanyaga, na walinzi wote wawili wanaapa kwamba ni kweli. Hakuna kilichokufa. Waya zote nzima. Kinachokosekana ni mlinzi wa tatu: kupima volti ya usambazaji wa vihisi na kuikataa ikitoka nje ya mpaka, au kuvilisha vihisi kutoka vyanzo viwili tofauti.

Ukilifanya zoezi hili kwa kila jozi ya vihisi kwenye mfumo wako, ukiuliza wanakula chungu kimoja wapi, iwe umeme, ardhi, saa, kigeuzi cha analogi au hata kiunganishi, utapata mistari ambayo jedwali halikuwa nayo.

Hili si jambo la nadharia. Tarehe 7 Oktoba 2008, ndege ya Airbus A330 ya Qantas iliyokuwa ikitoka Singapore kwenda Perth iliinamisha pua yake ghafla mara mbili, na zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa. Kimoja kati ya vipimio vyake vitatu vya data za hewa na mwelekeo hakikufa. Kiliendelea kutuma data zenye miruko mikali ya pembe ya hewa, yaani pembe kati ya bawa na upepo unaolikabili, na kompyuta za kuendesha ndege zilikuwa na kanuni ya kupuuza mruko kwa sekunde 1.2 kwa kutumia thamani ya mwisho iliyo nzuri. Mruko wa pili ulipotua sekunde 1.2 baada ya wa kwanza, ulipita. Kanuni iliwazia kosa moja linalokuja na kuondoka, haikuwazia mwongo mwenye mdundo.

Kisa cha roketi ya Ariane 5, iliyolipuka muda mfupi baada ya kuruka tarehe 4 Juni 1996, kina kipande ambacho husahaulika. Wengi wanakumbuka namba ya biti 64 iliyoshindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Wachache wanakumbuka kwamba kipimio chake cha mwelekeo kilipogundua kosa hilo, kilituma taarifa ya uchunguzi, na kompyuta kuu ikaisoma taarifa hiyo kana kwamba ni data za safari, ikaamuru midomo ya injini igeuke. Ujumbe wa "mimi ni mgonjwa" ulieleweka kama "geuka". Kwa hiyo kwenye safu ya athari usiandike tu "kihisi kinaripoti kosa". Andika anayepokea ripoti hiyo anaielewa vipi.

*Acha hapa:* ukigundua hitilafu moja ambayo peke yake inaleta amri hatari na hakuna mlinzi anayeiona, usiipunguzie makali kwa kubadilisha maneno ya jedwali. Ipeleke kwa mhandisi wa usalama anayehusika siku hiyohiyo. Hapo kinachotakiwa kubadilika ni usanifu wa mfumo, na uamuzi huo haufanywi na mtu mmoja mwenye jedwali.

Dalili ya 4: Mti wa hitilafu unatoa namba ndogo mno

Ukiona 10⁻¹⁴ kwa saa juu ya mti, usishangilie. Saa 10¹⁴ ni zaidi ya miaka bilioni kumi.

Kwanza kabisa, angalia kama kuna mtu amezidisha viwango viwili. Chaneli mbili, yaani sakiti mbili zinazofanya kazi moja ili moja ikifa nyingine ibaki, kila moja FIT 200, yaani 2×10⁻⁷ kwa saa. Anazidisha: 4×10⁻¹⁴. Lakini "kwa saa" mara "kwa saa" ni kwa saa mraba, na namba hiyo haina maana yoyote. Ili chaneli zote mbili ziwe mbovu, lazima ya kwanza iwe imekufa na kukaa humo bila kuonekana hadi ya pili ife. Kinachoamua ni muda kati ya majaribio. Kama uharibifu wa chaneli unaonekana tu kwenye ukaguzi wa kila mwaka, saa 8,760, kadirio ni kiwango mraba mara muda huo: (2×10⁻⁷)² × 8,760, sawa na 3.5×10⁻¹⁰ kwa saa. Tumepanda karibu mara 9,000, na hatujabadilisha hata kijenzi kimoja.

Halafu kuna chanzo cha pamoja, ambacho wengi hukiacha kwa sababu hakina mstari kwenye orodha ya vijenzi. Chaneli mbili za aina moja, kwenye ubao mmoja, ndani ya boksi moja lenye joto moja, zinazoendesha programu moja, hazifi kila moja kwa siku yake. Tuseme asilimia 5 tu ya uharibifu wa chaneli inazipata zote mbili kwa pamoja. 0.05 × 2×10⁻⁷ ni 1×10⁻⁸ kwa saa. Linganisha na ile 3.5×10⁻¹⁰. Sehemu iliyosahauliwa ni karibu mara 29 ya sehemu iliyopigiwa hesabu kwa uangalifu. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anatumia wiki mbili kuboresha kiwango cha rezista huku chanzo cha pamoja kikiwa sifuri.

Jambo jingine, angalia majina. Usambazaji wa umeme umeandikwa "PSU_1" kwenye tawi la kushoto na "Umeme_A" kwenye tawi la kulia. Kwa mtu ni kitu kimoja, kwa programu ya mti ni matukio mawili yasiyojuana, nayo inayazidisha. Panga matukio yote ya msingi kwa alfabeti na uyasome moja baada ya jingine kwa sauti. Ni kazi ya kuchosha, na karibu kila mara inazaa kitu.

Na mwisho, kama chaneli zote mbili zina programu moja, usiipe programu kiwango cha FIT. Kosa la programu halichakai. Liko tangu siku ya kwanza na linasubiri hali yake. Kwenye Ariane, kipimio cha akiba kilikuwa kimeshaanguka kwa kosa lilelile sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kikuu.

Dalili ya 5: Asilimia za ugunduzi ni nzuri mno

ISO 26262, kiwango cha magari, kinataka kwa daraja la juu kabisa, ASIL D, kipimo cha hitilafu moja moja (zile zinazoweza kudhuru zenyewe) kifike asilimia 99 na cha hitilafu fiche (zile zinazojificha hadi ya pili ije) asilimia 90. Matokeo yake, namba 99.0 hujitokeza kwenye majedwali mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu.

Kagua kwanza kigawanyo. Una vijenzi vinavyohusika na usalama vyenye jumla ya FIT 1,000, na FIT 15 zinaponyoka bila kuonekana. Umepata asilimia 98.5, umeshindwa. Mtu anaongeza kwenye jumla vijenzi vya redio, taa za mapambo na soketi ya kuchajia, FIT 500. Sasa ni 15 kati ya 1,500, asilimia 99.0 kamili. Gari halijawa salama hata kidogo. Vijenzi visivyohusika na lengo la usalama havina nafasi kwenye hesabu hiyo. Mara nyingi si hila bali jedwali lilinakiliwa lote kutoka kwenye orodha ya ununuzi, lakini matokeo ni yaleyale.

Kinachofuata ni mlinzi anayelinda kitu kingine. Namba ya ukaguzi mwishoni mwa ujumbe inalinda safari ya ujumbe kwenye waya. Kihisi kikipima vibaya, uongo wake utafika salama ukiwa na muhuri. Bado nakutana na mistari inayodai asilimia 99 kwa kupotoka kwa kihisi kwa sababu ujumbe una muhuri huo.

Kisha saa mlinzi, ile inayoiwasha upya maikrokontrola isipoguswa kwa wakati. Fungua msimbo uone inaguswa wapi. Ikiwa inaguswa ndani ya katizo la kipima muda, programu kuu inaweza kuganda kabisa na saa ikaendelea kuguswa kwa utiifu. Na saa mlinzi isiyo na dirisha la muda, inayokubali kuguswa mapema wakati wowote, haistahili asilimia 99. Majedwali ya ISO 26262 yenyewe yanaiweka kwenye ngazi ya chini, ile ya asilimia 60.

Kama asilimia yako imetokana na kuingiza hitilafu kwa kubahatisha, hesabu sampuli. Umeingiza 50, zote zikaonekana, ukaandika asilimia 99? Kanuni ya haraka: ukikosa kuponyokwa hata mara moja katika majaribio N, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba zinazoponyoka hazizidi 3 gawa N. Kwa 50 ni asilimia 6. Ili udai asilimia 99 unahitaji 300 bila kuponyokwa, na ziwe zimechaguliwa kwa kubahatisha kweli kutoka kwenye hitilafu zote, si zile rahisi kuandikia msimbo.

Dalili ya 6: "Mtumiaji atagundua"

Hii ni dalili ya maneno. Tafuta kwenye jedwali "dereva ataona", "rubani atachukua udhibiti", "muuguzi atasikia kengele". Kila mara mstari huo unaposhusha ukali wa athari, kuna mtu amefanywa kijenzi bila kupewa kiwango chake cha kukosea.

Ndege mbili za Boeing 737 MAX, moja Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na nyingine Ethiopia tarehe 10 Machi 2019, zilianguka na watu 346 wakafa. Programu ya MCAS, iliyoweza kuinamisha pua ya ndege yenyewe, ilikuwa inasikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ya hewa kwa wakati mmoja. Kwenye ile ya Indonesia, kihisi cha kushoto kilikuwa kinasoma nyuzi 21 tofauti na cha kulia, tangu ardhini. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ya Septemba 2019 ilisema kwamba dhana kuhusu mwitikio wa marubani haikuzingatia ipasavyo maonyo mengine mengi yanayolia kwa wakati mmoja kwenye chumba chao. Majaribio kwenye kiigaji yalikuwa yamefanywa kwa hitilafu moja safi, lakini kwenye ndege kihisi hichohicho kiliamsha usukani unaotetemeka, kasi isiyokubaliana na kimo kisichokubaliana.

Marekebisho: kwa kila mstari wa namna hii, orodhesha maonyo yote ambayo hitilafu hiyohiyo itayaamsha, mtu ana sekunde ngapi, na anatakiwa afanye nini hasa. Usipoweza kuandika, rudisha ukali ulipokuwa. Kupima mwitikio wa watu si kazi ya mhandisi wa umeme. Muite mtaalamu wa mambo ya kibinadamu.

Dalili ya 7: Ubao mmoja, namba mbili tofauti

Timu mbili, ubao uleule, FIT 400 na FIT 3,000. Angalia joto kwanza. Kwa nishati ya kuamsha (namba inayosema joto linaharakisha uharibifu kiasi gani) ya eV 0.7, ambayo hutumika sana kwa silikoni, kutoka nyuzi 55 hadi 85 za Selsiasi kiwango kinapanda karibu mara nane. Pengine ugomvi wote umeishia hapo. Halafu kitabu cha viwango vya kuharibika: MIL-HDBK-217F cha jeshi la Marekani kilitoka 1991, na nyongeza yake ya mwisho ni ya 1995, kwa hiyo chipu za leo hakizijui vizuri na mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko SN 29500, kitabu cha Siemens. Chagua kimoja, kitumie pote. Kuchanganya vitabu ili kila kijenzi kipate namba yake ndogo zaidi ni ushindi wa karatasi.

Dalili ya 8: Modeli inasema salama, benchi inasema sivyo

Benchi ndiyo iliyo sahihi hadi ithibitike vinginevyo. Sababu ya kawaida ni muda. Modeli inasema hitilafu inaonekana, nayo kweli inaonekana, ila imechelewa. Ukaguzi unapita kila milisekunde 100, na programu inataka makosa matano mfululizo kabla ya kuamini: milisekunde 500. Ongeza muda wa relei kuachia. Kama usukani unaweza kumtoa mtu barabarani ndani ya milisekunde 200, ugunduzi huo ni wa kuandikia ripoti ya ajali. Kila mlinzi kwenye jedwali awe na safu mbili za muda, wa kugundua na wa kufika hali salama, na jumla yake iwe chini ya muda ambao mfumo unaweza kuvumilia.

Ikiwa muda uko sawa, tafuta njia za siri za umeme. Umekata ardhi ya ubao, lakini ubao haukuzima. Unakula umeme kupitia diodi za ulinzi za waya wa mawasiliano, na maikrokontrola inaishi kwa volti 3.1, inafanya mambo ya ajabu. Uigaji wenye nodi moja ya ardhi kwa kila kitu hauwezi kamwe kuonesha hili. Gawa ardhi: ya betri, ya ubao, ya kihisi, kila moja na waya wake wenye ukinzani.

*Acha hapa, na hii ni ya mwili wako:* usipige shoti kwenye ubao uliounganishwa na betri isiyo na fyuzi au kikomo cha mkondo. Usiingize hitilafu kwenye mota ya usukani, breki au mkono wa mashine ukiwa ndani ya eneo lake la mwendo. Ifunge, au itoe mzigo, na kitufe cha dharura kikate umeme wenyewe kisipitie kwenye programu unayoijaribu. Kwenye mifumo ya volti za juu, betri za magari ya umeme na vigeuzi vyake, kapasita hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa na kuidhinishwa kwa volti hizo, si ya mwenye modeli.

Na kama benchi imekuonesha njia hatari kwenye kifaa ambacho tayari kiko mikononi mwa watu, modeli inaweza kusubiri. Andika ulichokiona, kwa toleo gani la ubao na la programu, hifadhi ubao huo kama ulivyo bila kuugusa kwa chuma cha lehemu, kisha mpigie anayewajibika na usalama wa bidhaa kabla hujarudi kwenye kiti.